Dola moja kwa kila Mkanada: kisa cha Terry Fox na mbio zilizoishia njiani

Siku Terry Fox, kijana aliyekuwa akiivuka Kanada kwa mbio ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, alipoacha kukimbia, tarehe 1 Septemba 1980, michango ilikuwa imefikia dola milioni 1.7 za Kanada. Alikuwa amekimbia siku 143 na kilomita 5,373, mguu mmoja wake mwenyewe, mwingine wa bandia. Miezi mitano baadaye hesabu ilivuka milioni 24.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri upo, tena mwingi. Mimi nakitazama nikiwa nimekaa miaka mitatu kwenye kamati ya matembezi ya hisani hapa Dar es Salaam, nikaona ilivyo kazi kumtoa mtu shilingi 5,000 kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaingia nyumbani kwake. Ninachotaka kukielewa ni kwa nini watu walimpa yule kijana, na kwa nini wanaendelea kumpa zaidi ya miaka 40 baada ya kuzikwa kwake.

Terry alizaliwa Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, akakulia Port Coquitlam, mji ulio karibu na Vancouver. Alipenda mpira wa kikapu ingawa alikuwa mfupi na hakujaliwa kipaji kikubwa. Alichokuwa nacho ni kung'ang'ania. Alifanya mazoezi mpaka akaingia timu ya vijana ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser, akiwapita waliomzidi uwezo. Novemba 1976, akiendesha gari kurudi nyumbani, aligonga pikapu kwa nyuma. Goti la kulia likaanza kuuma. Likauma, likatulia, likarudi kuuma, naye akavumilia mpaka msimu wa mpira uishe. Machi 1977 akaambiwa ana osteosakoma, saratani ya mfupa, ile inayopenda kuwapata vijana wanaokua na kushika karibu na goti.

Terry mwenyewe aliamini kwamba ajali ndiyo iliyolidhoofisha goti. Madaktari wake walimwambia hayo mawili hayahusiani. Nalitaja hili kwa sababu kwetu pia utalisikia kila siku: aliteleza bafuni, ndipo kansa ikaanza. Mara nyingi kuumia ndiko kunakompeleka mtu kupiga picha, na picha ndiyo inayoonyesha kilichokuwepo tangu zamani.

Tarehe 9 Machi 1977 alikatwa mguu wa kulia, sentimita 15 juu ya goti. Alikuwa na miaka 18. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani alimletea makala ya gazeti kuhusu Dick Traum, mtu wa mguu wa bandia aliyekuwa amemaliza marathoni ya New York mwaka uliotangulia. Kisha ikafuata miezi 16 ya dawa za kemo. Huko wodini ndiko alikowaona wenzake, wengine wadogo kuliko yeye, wanadhoofika na kufa. Na huko ndiko alikopewa hesabu ambayo kwangu ndiyo nguzo ya kisa chote: nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 50. Angeugua miaka miwili tu kabla, ingekuwa asilimia 15.

Tusimame hapo kwanza. Zamani osteosakoma ilitibiwa kwa kisu peke yake. Mguu ulikatwa, jeraha likapona, familia ikashukuru, halafu baada ya miezi kadhaa ugonjwa ukatokea mapafuni, kwa sababu chembe zake zilishasafiri kwenye damu kabla daktari hajashika msumeno. Kilichobadilisha hali ni kuongeza kemo juu ya upasuaji ili kuziwahi chembe hizo. Haikuwa muujiza wala bahati. Watu walikaa maabara na wodini, wakajaribu dawa, wakapima vipimo, wakaandika matokeo, na kazi hiyo ililipiwa. Kijana wa miaka 18 alielewa kwamba tofauti ya 15 na 50 ni tofauti iliyonunuliwa. Na kama ilinunuliwa, basi inaweza kununuliwa zaidi.

Hapo ndipo penye ugumu mkubwa wa kuchangisha kwa ajili ya utafiti, na hapo ndipo alipofaulu. Sisi ni watu wa kuchanga. Mtu akifiwa tunachanga, akioa tunachanga, mtoto wa jirani akipelekwa hospitali daftari linapita mtaa mzima na hakuna anayelikwepa. Lakini tunamchangia mtu tunayemjua jina. Utafiti hauna jina, haulazwi wodini, hauna mama anayelia kwenye benchi. Ukimwambia mtu "changia utafiti" anakuuliza, kwa haki kabisa, hela yangu itamfanyia nani nini. Terry hakuhitaji kulijibu swali hilo kwa maneno. Yeye mwenyewe alikuwa jibu, limesimama barabarani na kaptura, linatoka jasho.

Alianza mazoezi gizani ili watu wasimwone, nusu maili tu mwanzoni. Mguu wa bandia wa zama zile ulitengenezwa kwa kutembelea, sio kukimbilia. Springi yake ilichelewa kurudi baada ya kila hatua, kwa hiyo alilazimika kuruka mara mbili kwa mguu wa kushoto huku akiungoja ule mwingine. Ukiangalia picha za video za siku zile, usikilize na mlio wake: pa-pa, kisha kishindo; pa-pa, kisha kishindo. Mkimbiaji wa kawaida anahesabu hatua mbili, yeye alihesabu tatu, na ile ya tatu iliangukia kigutu. Ngozi ilichubuka, ikatoa malengelenge, ikatoka damu. Aligundua kwamba akivumilia dakika kama 20 za mwanzo, maumivu hupita kizingiti fulani na mbio zikawa nyepesi kidogo. Kipindi kimoja alikimbia siku 101 mfululizo, akapumzika Krismasi kwa sababu mama yake alimwomba. Mwaka 1979 aliingia mbio za kilomita 27 huko Prince George, akawa wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia. Watu walimpigia makofi wakilia. Baada ya hapo ndipo alipowafunulia wazazi wake kwamba haogopi tena kulitaja lengo lenyewe, yaani kuivuka Kanada yote kwa mbio. Mama yake, Betty, alimwona amerukwa na akili.

Barua aliyoiandikia Jumuiya ya Saratani ya Kanada, Oktoba 1979, inafaa kusomwa na kila anayetaka kuomba mchango. Hakujipamba. Alisema yeye si mtu wa ndoto za mchana na hadai kwamba mbio zake zitaleta tiba. Alieleza aliyoyaona wodini, akasema mahali fulani maumivu haya lazima yakome. Kisha akamalizia kwamba anaamini miujiza, kwa kuwa hana budi kuiamini.

Jumuiya ilisitasita, na siilaumu. Kijana mwenye mguu mmoja anataka kukimbia marathoni kila siku kwa kilomita zaidi ya 8,000, na anataka jina lao nyuma yake. Walimwambia alete wadhamini na cheti cha daktari wa moyo. Daktari akakuta moyo wake umetanuka upande wa kushoto, akamruhusu kwa sharti kwamba akisikia dalili zozote mbaya aache mara moja. Wadhamini nao wakapatikana: Ford walitoa gari lenye vitanda na jiko ndani, Imperial Oil wakatoa mafuta, Adidas wakatoa viatu. Lakini kampuni zilizotaka atangaze bidhaa zao alizikataa. Alishikilia kwamba asiwepo mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, atakayepata faida kwa mbio hizi.

Uamuzi huo wa mapema, uliofanywa wakati hana kitu na alihitaji kila senti, naupa uzito kuliko mguu wenyewe. Nimeona matembezi ya hisani ambayo bango la mdhamini ni kubwa kuliko jina la ugonjwa. Mwaka mmoja, katika shughuli niliyohusika nayo, vikao vitatu vizima viliishia kwenye mpangilio wa nembo mgongoni mwa fulana, na siku ya matembezi yenyewe mama mmoja aliniuliza ni kinywaji gani kipya tunachokizindua. Alikuwa ametoa nauli yake kuja kutembea kwa ajili ya marehemu dada yake. Sikuwa na la kumjibu.

Tarehe 12 Aprili 1980, huko St. John's, Newfoundland, Terry aliuchovya mguu wake wa bandia katika Atlantiki, akajaza chupa mbili za maji ya bahari. Moja ya kumbukumbu, nyingine ya kwenda kuimimina Pasifiki atakapofika. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari na kupika. Gari lilitangulia maili moja, likasimama, likamngoja; akifika anakunywa maji, kisha linatangulia maili nyingine. Alfajiri kabla ya mapambazuko wako barabarani, na siku za kwanza zilikuwa za upepo, mvua na dhoruba ya theluji. Watu wengi hawakumjua. Mpaka wanafika Nova Scotia yeye na Doug walikuwa hawasemezani vizuri, wamechokana ndani ya kigari kile kama ndugu waliofungiwa chumba kimoja. Mdogo wake Darrell, wa miaka 17, ndiye aliyekuja kujiunga nao awe kati yao. Waandaaji wengi hupanga njia, maji na gari la wagonjwa, wakasahau kupanga nani atawapatanisha watu wawili waliochoka.

Port aux Basques, kule kwenye ncha ya Newfoundland, ndiko mambo yalikoonyesha dalili. Mji wa watu wapatao 10,000 ulimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Dola moja kwa kila mkazi, mtoto na mzee. Mwanzo Terry alikuwa akiwazia milioni moja, kisha kumi; baadaye lengo lake likawa dola moja kwa kila Mkanada, na Wakanada walikuwa milioni 24. Ombi la namna hiyo lina akili yake. Halimtishi maskini na halimpi tajiri nafasi ya kununua sifa. Muuza duka, mzee wa pensheni, mtoto wa shule, wote deni lao ni moja, na kila mmoja anajua siku ameshalilipa.

Quebec mambo yakawa magumu. Yeye na wenzake hawakujua Kifaransa, habari zao hazikutangulia, na madereva wengine walimsukuma nje ya barabara. Alifika Montreal tarehe 22 Juni akiwa na theluthi ya safari na kitu kama dola 200,000. Hata hivyo ilikuwa huko, kupitia habari zilizosambaa, ndiko alikovuta macho ya Isadore Sharp, mwanzilishi wa hoteli za Four Seasons, ambaye mwanawe kijana alikuwa amefariki kwa saratani ya ngozi mwaka 1978. Sharp aliwapa chakula na malazi. Terry alipokata tamaa kwa uchache wa michango, Sharp aliahidi dola mbili kwa kila maili na akaanza kuzishawishi kampuni nyingine 999 zifanye hivyo hivyo.

Akavuka kuingia Ontario, na kila kitu kikageuka. Polisi wa jimbo walimsindikiza. Tawi la jumuiya la jimbo lilikuwa limejipanga: mikutano imeandaliwa, redio zimeambiwa, watu wa kupokea michango wako kando ya barabara. Tarehe 11 Julai, Toronto, watu 10,000 walimsubiri mbele ya ukumbi wa jiji, na siku ile moja zilipatikana dola 100,000. Naomba msomaji alitazame hili kwa makini. Mkimbiaji ni yuleyule, damu ni ileile kwenye kigutu, maneno ni yaleyale. Kilichotofautisha Quebec na Ontario ni watu waliojipanga kabla hajafika. Mateso peke yake hayachangishi. Mtu anaweza kuteseka kilomita 2,000 na kopo likabaki na chenji, ikiwa hakuna aliyetangulia kuwaambia wenyeji kwamba anapita.

Siku ambayo Terry mwenyewe aliitaja kuwa ya kutia moyo kuliko zote haikuhusu fedha. Kaskazini mwa Ontario, karibu na Terrace Bay, alikutana na mvulana wa miaka 10 aliyepoteza mguu kwa saratani ya mfupa kama yake. Waliogelea pamoja ziwani, na mtoto akapanda baiskeli, akamfuata nyuma barabarani, maili baada ya maili.

Sasa niseme lililo gumu. Alishauriwa kupima afya mara kwa mara, hakutaka. Alishauriwa apumzike hata siku moja, akakimbia hata siku aliyotimiza miaka 22. Alikuwa na uvimbe kwenye kigutu, goti la kushoto limeumia, anashikwa na kizunguzungu. Mbio hazikuuleta ugonjwa mapafuni. Saratani ile husafiri yenyewe, umekaa au unakimbia. Lakini mtu aliyewahi kuugua saratani, akiacha kliniki miezi mitano, amejinyima taarifa ambayo pengine ingempa nafasi ya kuchagua. Namheshimu Terry kwa moyo wangu wote, na bado simpendekezi kwa hili. Nimewaona waliopona wakijiingiza kwenye changamoto za kupanda mlima au kukimbia, wakiona aibu kusema kifua kinabana kwa sababu watu wameshachanga. Wachangiaji hawakununua kifua chako.

Tarehe 1 Septemba, nje kidogo ya Thunder Bay, alishikwa na kikohozi kikali na maumivu ya kifua. Barabara ilikuwa na watu, wakimpigia kelele za kumtia nguvu, wakimwambia atafika. Akaendelea kukimbia mpaka pumzi ikakataa, ndipo akapanda kwenye gari na kumwambia Doug ampeleke hospitali. Siku iliyofuata, akibubujikwa na machozi, aliwaambia waandishi kwamba saratani imerudi, safari hii mapafuni. Timu ya magongo ya barafuni ya Toronto ilijitolea kuimalizia njia yake. Alishukuru, akakataa, alitaka aimalizie mwenyewe.

Wiki moja baadaye televisheni ya CTV ilifanya kipindi cha harambee cha nchi nzima, zikapatikana dola milioni 10.5 kwa usiku mmoja, zikiwemo milioni moja moja kutoka serikali za British Columbia na Ontario. Februari 1981 jumla ikawa milioni 24.17. Idadi ya Wakanada ilikuwa milioni 24.1.

Wapo wanaosema kwamba basi huruma ndiyo iliyotoa fedha, kwamba asingeugua tena asingezipata. Nimelifikiria sana hili na silikubali kwa ukamilifu wake. Huruma ilifungua mkoba, naam. Lakini huruma ya televisheni huisha ndani ya wiki mbili, na hii haikuisha, kwa sababu ilikuta mambo mawili yameshawekwa tayari. Kiasi kilikuwa kinajulikana, dola moja kwa kila mtu, kwa hiyo kila aliyetazama alijua kilichobaki. Na hakukuwa na wa kumshuku: hakuna aliyekuwa amemwona akiuza soda, hakuna kampuni iliyokuwa imejipaka rangi ya mateso yake. Mtu akiwa na sababu ndogo tu ya kushuku, huitumia. Nimeyaona kwetu, tetesi moja kuhusu posho za kamati ilitosha kufunga mikono ya ofisi nzima.

Terry alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23. Kabla ya hapo, akiwa hospitalini, alikuwa amepokea telegramu ya Sharp ikimwahidi mbio za kila mwaka kwa jina lake, akakubali. Za kwanza zilifanyika tarehe 13 Septemba mwaka huohuo, watu 300,000 wakajitokeza na dola milioni 3.5 zikapatikana. Hazina mshindi, hazina kupimana muda, na kanuni ya kutobeba matangazo ya biashara ikabaki. Mwenye kukimbia anakimbia, mwenye kusukuma kiti cha magurudumu anasukuma, bibi anatembea na mbwa wake. Zimefanyika hata nje ya Kanada, hadi Abu Dhabi na Dubai, na jumla iliyokusanywa kwa jina lake imepita dola milioni 850. Mwaka 2007 ilianzishwa taasisi ya utafiti yenye jina lake. Na kijana anayegundulika leo na osteosakoma kwenye hospitali yenye vifaa mara nyingi hakatwi mguu kabisa: anapewa kemo kwanza, kisha kinatolewa kipande cha mfupa chenye ugonjwa na kuwekwa kingine cha chuma.

Kamati yetu haichangishi kwa ajili ya utafiti. Tunachangia nauli na malazi ya wagonjwa wanaotoka mikoani kuja kwenye mionzi Dar es Salaam, wanaokaa wiki nyingi bila ndugu mjini. Mwezi uliopita niliwasomea wenzangu kisa hiki kama nilivyokiandika hapa, nikapendekeza tutaje kiasi kimoja kwa kila mtu, na tuondoe nembo kwenye fulana. Mhazini alishtuka.

"Mama, bila nembo zao hatupati fulana."

Mwenyekiti wetu, ambaye alimuuguza mumewe miaka miwili, hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Basi mwanangu, tutavaa za nyumbani."

Wadhamini wawili wamejitoa. Wa tatu, mwenye kiwanda kidogo cha maji, amesema ataleta katoni 200 na hataki bango. Ametuomba kitu kimoja tu: jumla ya michango na matumizi yake tuibandike ukutani ndani ya siku 14, aje aisome mwenyewe.